Ammar bin Ali wa Mosul, tabibu aliyemnyonya mtoto wa jicho



Tunapozungumzia wanasayansi wa Kiislamu, majina yanayotutoka kwanza ni Ibn Sina, Al-Razi na Ibn al-Haytham. Ammar bin Ali al-Mawsili hatajwi sana. Mimi, ninayesoma udaktari hapa Kigali, nimemchagua yeye kwa sababu alichokifanya kwa sindano yake bado kinafanyika katika vyumba vya upasuaji wa macho.

Ammar alikuwa mtu wa Mosul, Iraki, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11. Alikuwa kahhal, yaani tabibu wa macho, na hakukaa mji mmoja. Alisafiri akitibu na kupasua, mpaka akafika Misri zama za Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Kwa khalifa huyo aliandika kitabu chake cha matibabu ya macho, Al-Muntakhab. Wakati huohuo kule Baghdad, Ali bin Isa alikuwa na kitabu kikubwa zaidi, na ndicho kilichoenea kwa matabibu wengi. Cha Ammar ni kifupi, lakini kimejaa mambo aliyoyafanya kwa mikono yake, pamoja na habari za wagonjwa sita aliowapasua mtoto wa jicho.

Upasuaji wa siku hizo ulikuwa hivi: tabibu aliingiza sindano jichoni, akausukuma uchafu mweupe chini, mbali na mboni, ili mwanga upite. Uchafu ule ulibaki ndani ya jicho na uliweza kupanda tena. Kwa hiyo mgonjwa alilazimika kulala chali kwa siku kadhaa bila kujigeuza.

Ammar akatengeneza sindano ya chuma yenye tundu ndani, ya kumnyonya mtoto wa jicho na kumtoa kabisa. Aliitengeneza, lakini hakuitumia kwa yeyote mpaka alipofika Tabariya, mji wa Palestina ulio kando ya ziwa. Huko alijiwa na mtu aliyekuwa tayari kwa lolote isipokuwa moja: hawezi kulala chali. Ammar angeweza kumrudisha nyumbani na upofu wake. Badala yake aliitoa sindano mpya, akamnyonya, na mtu yule akaona palepale. Usiku alilala alivyotaka, jicho likiwa limefungwa kitambaa kwa siku 7. Baadaye Ammar aliitumia sindano hiyo mara nyingi huko Misri.

Elimu ya zama zake iliamini kwamba mtoto wa jicho ni maji yaliyoganda mbele ya lenzi. Ilifika karne ya 18 ndipo matabibu wa Ulaya wakakubaliana kwamba ni lenzi yenyewe iliyopata ukungu. Lenzi hiyo imo ndani ya mfuko mwembamba sana, unaopitisha mwanga kama kioo. Huwezi kuinyonya bila kuutoboa mfuko. Mkono wa Ammar, basi, ulifika mahali ambapo vitabu vya wakati wake vilikuwa havijafika.

Leo mfuko huo ndio amana ya daktari wa macho. Hukata tundu la duara upande wa mbele, huitoa lenzi iliyoharibika, kisha huweka lenzi ya bandia ndani ya mfuko uleule. Ya mtoto mdogo ni laini, hivyo hunyonywa tu kwa mrija mwembamba, karibu kama alivyofanya Ammar. Ya mzee ni ngumu, hunyonywa baada ya kuvunjwavunjwa au hutolewa nzima. Ukuta wa nyuma ukipasuka, ute wa ndani ya jicho husogea mbele na kazi huwa nzito.

Mfuko huo hupasuka hata bila kisu. Wodini nilimwona kijana aliyerukiwa na kibanzi alipokuwa akipasua kuni. Mfuko ukitoboka, maji ya jicho huingia, lenzi huvimba na kuwa nyeupe, pengine kwa saa chache tu. Jicho hupata uvimbe na shinikizo lake huweza kupanda. Kijana yule alikuwa ametiwa maji ya majani kwa wiki mbili kabla ya kuletwa. Ndugu zangu, jicho lililochomwa halisuguliwi wala halitiwi dawa ya majani. Hufunikwa bila kukandamizwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine linawahusu wazee wetu wa Nyamirambo, Biryogo na kwingineko. Mtu aliyepasuliwa akaona vizuri, huweza baada ya miezi au miaka kuona ukungu tena. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wakakata tamaa. Mara nyingi ni ukuta wa nyuma wa mfuko tu ulioota utando, na mwale wa leza huufungua kwa dakika chache bila kisu. Ukimkuta bibi yako katika hali hiyo, mrudishe kwa daktari wa macho.

Mengi husemwa kuhusu akili ya Ammar. Mimi naitazama zaidi saa ile ya Tabariya. Mgonjwa alisema asiloliweza, na tabibu akabadilisha tiba badala ya kumlaumu mgonjwa. Wengi wetu kesho tutakuwa madaktari, walimu, mawakili na wahandisi, na watu watatujia wakituambia wasiyoyaweza. Tuwasikilize.

Allah amrehemu Ammar bin Ali, na aijaalie elimu yetu iwe yenye manufaa kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.