Hassan Fathy: Profesa Aliyejiuliza Mwenye Nyumba ni Nani

Kila tunapokutana kusherehekea Uhuru, mazungumzo hayakosi habari za ujenzi nyumbani: nani kanunua kiwanja, nani kafika kwenye linta, nani kaliwa hela na fundi. Kwa hiyo safari hii tunawasimulia, hasa ninyi watoto wetu, maisha ya Mwafrika mmoja aliyetumia umri wake kujiuliza nyumba hujengwa kwa ajili ya nani.

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1900. Alihitimu usanifu majengo Cairo mwaka 1926, na kuanzia 1930 akafundisha hukohuko katika kitivo cha sanaa. Wakati ule msanifu alikuwa mtu wa wenye nazo. Fathy aliona kwamba mkulima hawezi kununua saruji na chuma, lakini udongo anao chini ya miguu yake. Huko Aswan aliwakuta mafundi Wanubi waliojua kuezeka kuba kwa matofali ya udongo bila kuegemeza mbao. Akajifunza kwao, profesa kwa fundi.

Mwaka 1946 alianza kujenga kijiji kipya karibu na Luxor, kazi aliyopewa na Idara ya Mambo ya Kale. Watu wa Gourna, wapatao 7,000, waliishi juu ya makaburi ya kale, na serikali ilitaka waondoke. Fathy hakutaka kuchora nyumba moja na kuirudia mara mia. Alitaka kila familia isikilizwe kama tajiri anavyosikilizwa na msanifu wake. Aliangalia wanawake wanavyoteka maji, wanavyooka mikate, na mahali mifugo inapolala. Sisi wauguzi tunampendea jambo moja zaidi: aliwaza hata kichocho, akapanga ziwa dogo la maji salama ili watoto waogelee bila kuambukizwa.

Hata hivyo, kijiji hakikukamilika. Wenyeji wengi walikataa kuhama, kwa maana makaburi yale yalikuwa riziki yao. Mlipaji alikuwa serikali, na uamuzi wa kuhama ulikuwa wa serikali. Waliotakiwa kulala humo waliulizwa habari za jiko na zizi baada ya neno kubwa kuwa limekwisha kuamuliwa.

Fathy hakulificha pigo hilo. Aliongoza idara ya usanifu miaka ya 1950, akaenda kufanya kazi Athens mwaka 1957, akarudi kwao, kisha akaandika kitabu juu ya Gourna. Kilitoka Cairo mwaka 1969 na Chicago mwaka 1973, na wanafunzi wa usanifu wanakisoma hadi leo. Mwaka 1980 alipewa heshima ya pekee katika Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Alifariki Cairo mwaka 1989.

Nasi tuna Gourna yetu. Tulimjengea mama jiko la ndani, lenye marumaru na sinki. Tulipokwenda likizo tulimkuta anapikia nje chini ya mwembe, na jiko letu limejaa magunia ya mahindi. Hela tulituma, kuuliza hatukuuliza.

Watoto wetu, siku mtakapojenga nyumbani, kabla ya kumlipa mchora ramani mpigieni bibi simu. Mwacheni aseme mpaka amalize.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.