Tuwapime watu kwa matendo yao

Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha mume na kingine cha mke. Tunasema 'yeye', kisha tunaendelea na habari zetu. Sifa hii, ambayo wanafunzi wangu wa isimu aghalabu huipuuza, inanifaa leo ninaposimulia maisha ya Dkt James Barry, tabibu ambaye waandishi wa Kiingereza wangali wanazozania kiwakilishi kinachomstahili.

Barry alizaliwa Cork, nchini Ireland, karibu na mwaka wa 1789. Alilelewa kama msichana, jina lake Margaret Bulkley. Mwaka wa 1809 alikwenda Edinburgh kusomea udaktari, akiwa na jina jipya na mavazi ya kiume. Zama hizo chuo kikuu hicho hakikuwapokea wanawake. Alihitimu mwaka wa 1812, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi la Uingereza. Tangu hapo hadi kufa kwake, kwa zaidi ya miaka 50, aliishi kama mwanamume.

Mwaka wa 1816 alipelekwa Cape Town. Huko alipigania maji safi, akadai wafungwa, watumwa na wagonjwa wa ukoma watunzwe kama binadamu. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakuwaogopa wakubwa. Mwaka wa 1826, kabla ya dawa ya nusukaputi kuanza kutumiwa, alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama na mtoto wote wawili walinusurika. Mtoto aliitwa James Barry Munnik, na jina hilo likarithiwa baadaye na Hertzog, waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1924 hadi 1939.

Barry alihudumu pia Mauritius, Jamaica, Malta na Kanada, akapanda hadi cheo cha mkaguzi mkuu wa hospitali. Alifariki London mwezi wa Julai, 1865. Ndipo mwanamke aliyemwosha maiti alipotangaza kwamba mwili ule ulikuwa wa kike. Daktari aliyetia sahihi cheti cha kifo alieleza kuwa jambo hilo halikumhusu. Magazeti hayakuwa na staha hiyo. Tangu siku hiyo, mwili wa Barry ulizungumzwa kuliko wagonjwa aliowaponya.

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba Barry alikuwa mwanamke aliyetafuta taaluma katika enzi ya ubaguzi. Wengine husema kwamba, kwa istilahi ya leo, alikuwa mtu aliyebadili jinsia. Marehemu hawezi kuulizwa. Nionavyo mimi, alikwisha kujibu kwa jinsi alivyoishi, hata baada ya kustaafu mwaka wa 1859, ambapo hakuhitaji tena kazi ya jeshi.

Lakini hapa kwetu wapo walio hai, ambao wanaweza kuulizwa na kusikizwa. Mwaka wa 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe mhitimu mmoja, aliyezaliwa na jina la kiume na anayeishi kama mwanamke, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake la sasa na kisichotaja jinsia. Wako waliokereka. Nami nauliza: alama za hisabati zina jinsia gani? Cheti ni ushahidi wa elimu. Kikimkana mwenyewe, kimemfungia mlango wa kazi aliyoisomea. Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinamtambulia kila mtu hadhi yake, bila kubagua.

Walimu wenzangu, dhihaka huanzia darasani. Barry mwenyewe alichekwa kwa sauti yake nyembamba. Mwanafunzi anayechekwa leo kwa sauti au mwendo wake, huku mwalimu akitazama tu, huenda akaacha shule. Hatutajua ni daktari gani tuliyempoteza.