Maisha ya Daktari Robert Koch

Baadhi yetu hapa Mandewa twatamani kuwa madaktari; kwa hiyo nimeona vema niwaeleze habari za Daktari Robert Koch.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua kijidudu kiletacho kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alifika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu wengi. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, akawa akipima tezi na damu zao. Vijidudu vilitoweka, wagonjwa wakapata nafuu; lakini baadaye vilirudi. Akaongeza kipimo, na wagonjwa kadhaa wakapofuka kabisa. Hapo akakiacha kipimo kile kikubwa.

Waganga nao hawakusalimika. Mwaka huo huo Luteni Tulloch, daktari Mwingereza aliyeuchunguza malale huko Entebbe, alikufa kwa ugonjwa huo.

Koch alifariki mwaka 1910. Mimi naona darubini peke yake haitoshi. Anayejaribu dawa yampasa amwulize mgonjwa kila siku: waonaje, walalaje, watembeaje? Na muuguzi naye aulizwe vivyo hivyo.