BIBI HESTER BATEMAN, MJANE ALIYEFUA VIJIKO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nataka kuwasimulieni habari za mwanamke mmoja wa Uingereza aliyekufa mwaka wa 1794. Jina lake linajulikana sana na watu wakusanyao vijiko, nyuma na vyombo vingine vya kale vya mezani vilivyofuliwa kwa fedha. Lakini kabla ya kufika kwake, sina budi kueleza jinsi nilivyopata kumjua, maana njia yenyewe ilianzia katika sanduku la nyumbani kwetu.

Marehemu babu yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja katika shamba la mkonge. Bwana huyo aliporudi kwao alimwachia babu kijiko kikubwa cha mezani. Babu hakukilia hata siku moja. Alikifunga katika kitambaa akakitia sandukuni, na nyumbani kwetu sote tuliamini kuwa ni fedha tupu, na ya kuwa siku ya dhiki kitauzwa. Siku hiyo ilikuja baada ya kufa baba. Nilikuwa sina godoro la bweni wala nauli ya kurudi shuleni. Mama alikifungua kitambaa, akanipa kijiko nimpelekee mwalimu wetu wa historia, mtu ajuaye vitu vya kale, akitazame na kutueleza thamani yake.

Mwalimu alichukua kioo cha kukuzia kutoka maabara, akakigeuza kijiko, akanionyesha herufi nne ndogo nyuma ya mpini: E, P, N na S. Alinieleza kuwa herufi hizo ni alama ya madini ya shaba, nikeli na zinki, yaliyopakwa fedha nyembamba juu yake kwa nguvu za umeme. Kazi hiyo ya kupaka ilianza kuenea Uingereza tangu mwaka wa 1840. Basi kijiko cha babu hakikuwa cha fedha, na bei yake haikutosha hata nauli. Nilisikitika sana. Mwalimu, nadhani kwa kunifariji, alinifundisha jinsi fedha ya kweli inavyotambulikana, akanipa na kitabu. Humo ndimo nilimokutana na Bibi Hester.

Hester alizaliwa London katika watu wa hali ya chini, akabatizwa mwaka wa 1708. Jina la baba yake lilikuwa Needham. Hakupata elimu ya shule, na maisha yake yote hakujua kuandika jina lake. Mwaka wa 1732 aliolewa na John Bateman, fundi wa kutengeneza mikufu ya dhahabu. Walizaa watoto sita, wakakaa katika mtaa uitwao Bunhill Row. Mwaka wa 1760 John alikufa kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Katika wasia wake alimwachia mkewe vyombo vyake vya kazi.

Hester alikuwa na umri upatao miaka hamsini na miwili. Angeweza kuviuza vyombo vile, akala fedha yake mpaka ikaisha. Hakufanya hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1761 alikwenda katika jumba la chama cha masonara wa London kuandikisha chapa yake. Sheria ilimtaka kila mwenye karakana ya vyombo vya fedha awe na chapa yake mwenyewe, nayo ipigwe katika daftari la chama. Mbele ya daftari lile Bibi Hester hakuweza kutia sahihi. Aliweka alama tu. Lakini chapa yake ilikuwa ni herufi mbili, H na B, za mwandiko wa mkono, nzuri kwa macho. Tangu siku hiyo, mwanamke asiyejua kuandika alianza kuandika jina lake katika fedha.

Hapa inafaa nieleze maana ya chapa, kwani ndiyo elimu ya kwanza ya wakusanyaji. Fedha safi ni laini mno, na chombo chake hupinda upesi. Kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo. Kipimo cha sheria ya Waingereza kilikuwa sehemu 925 za fedha katika sehemu 1000. Mnunuzi hawezi kuona kwa macho kama fundi ameongeza shaba kupita kiasi, na zamani wengi walidanganywa. Basi kila chombo hupelekwa kupimwa kabla ya kuuzwa, na kilichofaulu hupigwa chapa. Kichwa cha chui, kilichoanza kutumika mwaka wa 1300, ndicho kilichokuwa alama ya London. Herufi inayobadilika kila mwaka ilianza mwaka wa 1478. Simba atembeaye alianza mwaka wa 1544, na maana yake ni kuwa fedha imetimiza kipimo. Mwaka wa 1784 iliongezwa sura ya mfalme, kuonyesha kuwa kodi imelipwa. Pamoja na hizo huwapo chapa ya mwenye kazi. Kwa hiyo mtu akishika kijiko kilichofuliwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aweza kujua kilipimwa mji gani, mwaka gani, na kilitoka katika karakana ya nani. Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kwa fedha, hata chema chahitaji shahidi.

Kazi ya kufua kijiko si ndogo. Fundi hukata kipande cha fedha, akakifua kwa nyundo mpaka mpini urefuke na ncha moja itanuke. Fedha ikipigwa sana hukakamaa na yaweza kupasuka. Kwa hiyo huirudisha motoni ikalainika, kisha huipiga tena. Ile ncha pana hushindiliwa juu ya kibonge cha risasi kwa chombo cha chuma chenye umbo la mviringo, ndipo lipatikanapo bakuli la kijiko. Baada ya hapo ni tupa, kisha kusugua mpaka king'ae. Sisemi kuwa Bibi Hester alikifua kila kijiko kwa mkono wake. Alikuwa na wanawe na mafundi. Chapa ni alama ya mwenye karakana, anayeitikia kazi ikiwa njema na ikiwa mbaya.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Karakana yake ilifanya hasa vijiko na vyombo vingine vidogo, na kazi nyingi ziliagizwa na masonara wengine wenye maduka. Hao walivichukua vijiko vyake, wakapiga chapa zao juu ya chapa yake, wakaviuza kwa majina yao. Hata leo mkusanyaji mwenye macho makali huweza kuona H na B zikichungulia chini ya herufi za mtu mwingine. Bibi huyo alivumilia. Haba na haba hujaza kibaba, na katika miaka ya 1770 na kuendelea kazi za jina lake mwenyewe zilizidi: vijiko vya supu na vya chai, koleo za sukari, birika za chai, majagi, na vikombe vya kanisani.

Wakati huo palikuwa na mashindano makali. Karibu na mwaka wa 1743 fundi mmoja wa mji wa Sheffield, jina lake Thomas Bolsover, aligundua jinsi ya kuunganisha bamba la fedha na bamba la shaba kwa moto. Vyombo vya namna hiyo vilifanana na vya fedha, na bei yake ilikuwa nafuu. Masonara wengi wa fedha waliingiwa na hofu. Karakana ya Bateman iliyajibu mashindano hayo kwa akili. Ilitumia mabamba membamba yaliyobanwa kwa mashine, hata birika ikahitaji fedha kidogo zaidi na bei yake ikashuka. Kisha vyombo vilitiwa nakshi nyepesi: ukingo wenye vitone mfano wa shanga, na michoro iliyokatwa kwa kisu kikali ili kila mkato umeremete. Watu wa hali ya kati, ambao zamani hawakuweza kununua fedha, walianza kununua.

Haki inanilazimu niseme na upande wa pili. Wako wajuzi wasemao kuwa sifa zake zimezidishwa, na ya kuwa walikuwako masonara wa zama zake waliomshinda kwa ustadi. Huenda ni kweli. Lakini ni wangapi kati ya hao walioanza kazi wakiwa wajane wa umri wa miaka hamsini na zaidi, bila kujua kusoma?

Mwaka wa 1790, akiwa na umri upatao miaka 82, aliiacha kazi mikononi mwa wanawe Peter na Jonathan. Mwaka uliofuata Jonathan alifariki dunia. Ndipo mke wa Jonathan, jina lake Ann, aliposhika nafasi ya mumewe na kuandikisha chapa pamoja na Peter. Hivyo kwa mara ya pili katika nyumba ile mjane alisimama penye kazi ya mumewe. Bibi Hester aliyaona hayo kabla hajafa mwaka wa 1794. Jamaa zake waliendelea na kazi hiyo katika karne iliyofuata.

Siku hizi kazi zake zimo katika majumba ya makumbusho, mojawapo ni lile la wanawake wasanii huko Washington. Watu wa kawaida wakusanyao huanza na vijiko, kwa kuwa vilifuliwa vingi. Nyuma za fedha za wakati ule ni adimu zaidi. Huangalia kama chapa zasomeka, kama ncha ya kijiko imelika kwa kukwangua sahani, na kama herufi za jina la mwenye kijiko zimefutwa. Huangalia pia udanganyifu, maana jina la Hester Bateman limepandisha bei hata wako waliopiga chapa yake ya uongo juu ya kazi za watu wengine. Zamani wenye maduka waliifunika chapa yake. Baadaye wadanganyifu wakaitafuta ili waiibe.

Sasa nitasema neno moja la kwangu. Siku niliyoletwa Kidato cha Kwanza, mama alipewa fomu atie sahihi. Mama hajui kuandika. Aliweka dole gumba katika wino, akalibandika. Wavulana wawili nyuma yetu walicheka, nami nikaona haya, nikamhimiza mama aende zake upesi asikose basi. Hakusema kitu. Neno hilo lilinikaa moyoni, na niliposoma habari za alama ya Bibi Hester katika daftari la masonara, nilikifunga kitabu kwa muda.

Marehemu baba alikuwa fundi wa bati. Alipokufa, jamaa walitaka fuawe, mkasi na nyundo zake viuzwe. Mama alikataa. Sasa yeye na ndugu yangu mkubwa hutengeneza majiko ya mkaa, mikebe na koroboi, na majiko hayo ndiyo yaliyonunua godoro ninalolalia.

Likizo iliyopita nilimweleza kuwa kijiko cha babu si fedha, kisha nikamsimulia habari zote za mjane wa London. Alisikiliza huku akikunja bati. Aliuliza jambo moja tu, kama watoto wa mjane yule walishiba. Nilimjibu kuwa walishiba. Jioni alikitoa kijiko katika kitambaa, akakiosha, akatupakulia maharage. Nami nilimwomba radhi kwa siku ile ya fomu.