ALLIDINA VISRAM NA MALI KAULI

Ndugu msomaji, mtu anapohamia nchi ya ugeni huulizwa mambo mawili kabla hajaulizwa jina la babu yake: ana fedha ya namna gani, na nani atakayemdhamini. Maswali haya hayakuanza leo. Yaliulizwa Bagamoyo na Tabora zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na miongoni mwa wageni walioyajibu vema alikuwamo Allidina Visram, mfanya biashara ambaye jina lake lilijulikana tangu pwani mpaka Ujiji na Uganda. Tutayatazama maisha yake kwa upande mmoja tu, yaani namna alivyoitumia fedha na namna alivyojipatia uaminifu mbele ya watu.

Kuja kwake

Alizaliwa Kera katika nchi ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi, katikati ya karne ya 19, katika jamaa ya Khoja Ismailia. Alivuka bahari angali kijana mdogo, mikono mitupu, akaingia kazini Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Kabla ya kuwa na duka lake mwenyewe alitumika kwanza, na katika kutumika huko alijifunza bei za vitu, lugha za watu, na namna ya kumpambanua mkweli na mwongo.

Fedha ya njia ya misafara

Pwani zilitumika reale za Maria Theresa na rupia za Hindi. Lakini bara, fedha ilikuwa ni nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Kila nchi ilikuwa na shanga iliyoipenda, na msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa maskini ingawa mizigo yake ilijaa. Mwaka 1857 Mwingereza Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Tabora. Mizigo yote ilichukuliwa mabegani, frasila mbili hivi kwa kila mpagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi hodari.

Kwa hiyo mali ya mfanya biashara ililala njiani miezi mingi, wala benki haikuwako. Benki ya National Bank of India ilifunguliwa Unguja mwaka 1892 tu. Hapo ndipo ilipotumika mali kauli: tajiri alimpa mtu bidhaa kwa ahadi, naye akalipa baada ya kuuza. Hata Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alikwenda bara kwa mali aliyokopeshwa na Taria Topan wa Unguja. Tabora nayo ilikwisha kumpokea Mhindi mwingine, Musa Mzuri, ambaye Speke alikaa nyumbani kwake mwaka 1861.

Nyumba ya biashara iliyoenea

Allidina Visram alifungua matawi Dar es Salaam, Sadani, Tinde, Tabora na Ujiji, na baada ya Sewa Haji kufariki mwaka 1897 biashara yake ilizidi kukua. Faida ya matawi yaonekana wazi. Bidhaa zilizokwisha kuwekwa Tabora zilimngoja mnunuzi pale pale, na pembe, nta na asali zilipokelewa karibu na zilikopatikana. Tena nyumba inayojulikana katika miji miwili yaweza kulipa huku kilichopokewa kule, kwa karatasi tu iitwayo hundi, pasipo mtu kubeba fedha porini.

Reli ya Uganda ilipojengwa alikwenda Mombasa, akawauzia chakula wafanya kazi wa reli, na kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901 duka lake lilikwisha kufunguliwa Kampala. Benki ilifika Entebbe mwaka 1906. Kabla ya hapo nyumba yake ilifanya sehemu ya kazi ya benki. Vijana waliofika kutoka Kutch na Kathiawar aliwapa kazi, kisha wengi wao aliwapa mali kauli wakafungua maduka yao. Alikumbuka kwamba yeye naye alifika bila kitu.

Hatari ya deni

Hatusemi kwamba hesabu zote za zama zile zilikuwa safi. Pembe zilipita katika njia ile ile walimoswagwa watumwa, na bei ya mali kauli mara nyingi ilipandishwa juu ya bei ya taslimu mpaka mkopaji hakutoka tena katika deni. Ndiyo maana Kurani Tukufu, katika Sura ya pili, imekataza riba, imeagiza deni liandikwe mbele ya mashahidi, liwe dogo au kubwa, na mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi. Anayesafiri leo kwenda kusoma au kufanya kazi ugenini na aanze hapo: aandike alichopewa, asichanganye amana ya mtu na mali yake, wala asikope kwa kutegemea mshahara asioupata bado.

Mwisho wake

Allidina Visram alifariki mwaka 1916 kwa homa aliyoipata safarini Kongo. Mwaka huo huo Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora. Mwezi wa Septemba mji ulitekwa na Wabelgiji, na noti za karatasi za wakati wa vita zikabaki mikononi mwa watu bila thamani. Mwanawe Abdulrasul alirithi biashara, lakini naye alifariki mwaka 1923, na nyumba ile kubwa ikavunjika.

Kilichosalia ni shule. Shule ya Allidina Visram ilifunguliwa Mombasa mwaka huo wa 1923, na hata leo watoto wanasoma humo, kama vile jina la bwana wake wa kwanza, Sewa Haji, lilivyobaki katika hospitali ya Muhimbili. Maduka yamesahauliwa, rupia hazitumiki tena, na merikani imeoza. Kilichotolewa kwa ajili ya viumbe wa Mungu hakikupotea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo tulichopewa, nyumbani na ugenini. Amin.