Eunice Rivers: Nesi aliyeaminiwa na wagonjwa walionyimwa dawa

Kwa miaka mingi, wanaume wa kaunti ya Macon, jimbo la Alabama nchini Marekani, walilijua gari la nesi Eunice Rivers. Likisimama mlangoni, ujue siku ya kupimwa imefika. Aliwapeleka kliniki, wakala chakula cha mchana, wakapewa vidonge vya maumivu, kisha akawarudisha nyumbani. Yote bure.

Kitu kimoja tu hawakupewa: tiba ya ugonjwa uliokuwa unawamaliza.

Mtoto wa mkulima

Rivers, mwanamke mweusi, alizaliwa Georgia mwaka 1899. Alihitimu uuguzi katika chuo cha Tuskegee mwaka 1922, akaanza kuzunguka vijijini akifundisha usafi na malezi ya watoto. Watu walimzoea, wakampenda.

Mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianzisha utafiti Tuskegee. Lengo lilikuwa kuona kaswende isiyotibiwa inamfanya nini mwanaume mweusi hadi anapokufa. Waliingizwa wanaume 600 hivi: 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo, kwa ajili ya kulinganisha.

Hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa wana "damu mbaya". Hata sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo waliambiwa ni matibabu maalumu.

Madaktari waliondoka, yeye alibaki

Madaktari walikuja na kuondoka. Rivers ndiye aliyebaki. Aliwajua kwa majina, akahudhuria misiba yao. Mgonjwa akifariki, aliiomba familia iruhusu mwili upasuliwe kwa uchunguzi, nayo ikasaidiwa gharama za mazishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, penisilini ilikuwa tayari tiba ya kawaida ya kaswende. Wanaume hawa hawakupewa. Utafiti ukaendelea.

Mwaka 1958 serikali ilimpa Rivers tuzo kwa utumishi wake. Alistaafu mwaka 1965.

Siri yafichuka

Julai 1972, shirika la habari la AP lilianika kila kitu, baada ya Peter Buxtun, aliyewahi kufanya kazi katika idara hiyo, kutoa siri. Utafiti ulisimamishwa mwaka huohuo, ukiwa umedumu miaka 40.

Rivers alijitetea kwamba alifuata maagizo ya madaktari, na kwamba wanaume wale walipata huduma ambayo majirani zao hawakuipata. Wanaomtetea wanasema mwanamke mweusi, chini ya madaktari wazungu, enzi za ubaguzi, hakuwa na sauti. Wanaomlaumu wanasema bila imani ya watu kwake, utafiti ule usingefika mbali.

Pande zote mbili zina hoja. Na hapo ndipo ugumu ulipo: wema wake haukuwa wa kuigiza, lakini ndio uliowafanya watu wasiulize.

Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda watu wanaofanyiwa utafiti. Mwaka 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont, iliyoweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kutenda haki.

Rivers alifariki mwaka 1986. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997, wakiwa wamebaki hai wanaume 8 tu.

Kwa hiyo siku ukiombwa kushiriki utafiti na ukapewa fomu ya ridhaa, usiisaini haraka kwa sababu nesi ni mkarimu. Isome. Uliza.