Roosevelt: Gavana Aliyegombania Kalamu ya Bajeti

Ukitajiwa Franklin Delano Roosevelt, pengine unakumbuka zile picha za Yalta ameketi katikati ya Churchill na Stalin. Hiyo tuiache kwanza. Turudi 1929, jamaa akiwa bado gavana mgeni wa jimbo la New York, na wabunge wanamtoa jasho.

Alizaliwa 30 Januari 1882 kule Hyde Park, kwenye familia ya mapeni. Akasoma Harvard, kisha Columbia kusomea sheria. Alipopita mtihani wa uwakili mwaka 1907, akaachana na chuo bila kungoja digrii. Sisi tuliotoka chuoni kabla ya gauni tunaruhusiwa kutabasamu kidogo hapo, ingawa yeye alikuwa na shamba la babake la kurudia.

Halafu 1921, akiwa na miaka 39, miguu ikakataa. Madaktari walisema ni polio. Mamake alitaka arudi Hyde Park apumzike maisha yake yote, lakini mkewe Eleanor hakukubali siasa ziishie hapo. Roosevelt akajifunza kusimama akiwa amefungwa vyuma miguuni, mkono mmoja kwenye bakora, mwingine umeshika mtu.

Mwaka 1928 gavana Al Smith aliamua kuwania urais, akambembeleza Roosevelt agombee kiti anachokiacha. Roosevelt alikuwa Warm Springs, Georgia, akifanyia miguu mazoezi majini, na hakutaka. Mwishowe akakubali, akashinda kwa kura kama 25,000 tu. Smith naye akaangukia pua, hata New York yenyewe ikamkataa.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi huo, wapiga kura wa New York walikuwa wamebadilisha katiba ya jimbo ili gavana ndiye aandae bajeti. Zamani kila idara ilipeleka maombi yake, na wabunge wakagawa pesa wanavyotaka. Roosevelt ndiye gavana wa kwanza kuandaa bajeti kwa utaratibu huo mpya. Bunge lilikuwa mikononi mwa Republican, yeye ni Democrat. Unajua tayari mambo yalivyoenda.

Wabunge hawakukataa pesa. Walifanya ujanja zaidi ya huo. Waliacha baadhi ya pesa za idara zikae kwa mkupuo, kisha wakachomeka sharti: wakati wa kuzigawa, gavana lazima apate idhini ya wenyekiti wawili wa kamati za fedha, mmoja wa Seneti na mwingine wa Bunge. Yaani wapitishe bajeti, halafu wakae mlangoni na ufunguo.

Gavana wa New York ana silaha ambayo magavana wetu wa kaunti hawana. Wetu wakichukia mswada, wanaurudisha na maelezo yao. Yule anaweza kukata kipengee kimoja kwenye mswada wa matumizi na kutia saini kilichobaki. Roosevelt akachukua kalamu, akakata. Alikuwa na miezi michache tu ofisini, na idara zilikuwa zinangoja pesa za mishahara. Angeweza kumeza mate, aseme tutaongea mwaka ujao. Mimi nadhani angenyamaza hapo, kila bajeti iliyofuata ingekuja na mlinzi wake.

Kesi ikaenda kortini. Raundi ya kwanza alishindwa. Akakata rufaa, na Novemba 1929 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema mbunge hawezi kutunga sheria ya pesa halafu pia apewe kazi ya kuzigawa. Wenyekiti wale wawili wakatolewa mlangoni.

Angalia tarehe hiyo. Wiki chache tu kabla, Oktoba, soko la hisa la Wall Street lilikuwa limeporomoka. Watu wakapoteza kazi, foleni za mkate zikaanza. Mwaka 1931 Roosevelt akalisukuma bunge lilelile litenge dola milioni 20 za kusaidia wasio na kazi, na New York ikawa jimbo la kwanza kuanzisha shirika lake la misaada ya aina hiyo. Mwaka uliofuata akachaguliwa rais.

Kule Washington akakuta ile kalamu haipo. Rais wa Marekani hutia saini mswada mzima au anaukataa mzima, hata kama ndani yake kuna ukurasa mmoja tu unaonuka. Kwa miaka 12 alikataa miswada 635, rekodi ambayo haijavunjwa na rais yeyote. Alifariki 12 Aprili 1945 kulekule Warm Springs. Bunge la Marekani lilimpa rais uwezo wa kukata vipengee mwaka 1996, Bill Clinton akautumia kidogo, na 1998 Mahakama ya Juu ikaufuta.